Sikuchelewa, Nilikuwa Njiani

Wanangu mnaoanza kazi ya uuguzi,

Siku ile mliponiaga mlinipa baiskeli. Mpya kabisa, nyekundu, imefungwa utepe kwenye usukani. Mgeni rasmi akasimama akasema mama huyu ni mfano wa kuigwa, miaka yote amekuja kazini kwa baiskeli, ndiyo maana mnamwona mwepesi, hana presha wala sukari, na sisi wenye vitambi tujifunze kwake. Mkapiga makofi. Mkaniomba nipande nizunguke uwanja wa zahanati mpate picha, nami nikapanda nikazunguka. Picha nimeziona, mmoja wenu alizituma kwenye simu ya mwanangu. Nimecheka meno yote nje. Atakayeiona picha ile atadhani nilikuwa na furaha, na hiyo ndiyo sababu nimeamua kuwaandikia.

Sikupanda baiskeli ili niwe na afya. Nilipanda kwa sababu nyumba iliyojengwa ili nilale karibu na wagonjwa ilikuwa imejaa mahindi ya mtu.

Kwetu ni Mbuba, upande wa Ngara, watu wa shamba na wa kanisani. Niliolewa Bisibo, huku Biharamulo, na marehemu mume wangu alikuwa na shamba lake hapo. Nilipomaliza mafunzo nikapangiwa zahanati ya kijiji ambacho sitakitaja, kwa maana wengi wa wenyeji wake ni watu wema na wengine bado wananiamkia shikamoo kwa moyo. Siku ya kuripoti, mwenyekiti wa kijiji alinipokea vizuri, akanichinjia kuku. Baada ya kula akanionyesha zahanati, halafu nyuma yake nikaona nyumba ndogo ya bati, ina kibaraza na jiko la nje. Akanieleza kwa fahari kwamba kijiji kizima kiliijenga. Wanaume walifyatua matofali, wanawake waliteka mchanga bondeni wakaupandisha kichwani. Ni nyumba ya nesi, akasema. Nikamwomba funguo.

"Sista, mle ndani kuna mahindi yangu kidogo," akaniambia. "Nipe muda niyatoe."

Nikampa muda. Mahindi yalitoka msimu ulipofika, yakaingia maharage. Maharage yalipotoka, yakaingia mahindi mengine. Mganga mfawidhi, yaani mkuu wetu pale zahanati, alikuwa akiishi Biharamulo mjini na alikuwa na pikipiki. Nilipompelekea habari ya nyumba akasema hilo ni kati yangu na kijiji. Nilipokwenda kwa kijiji, kijiji kilikuwa ni mwenyekiti.

Mwanzo nilitembea kwa miguu. Nilitoka nyumbani giza halijaondoka nikafika kazini nimechoka kama mtu aliyetoka kulima, ndipo nianze kupima wajawazito na kuchoma sindano za watoto. Jioni vivyo hivyo kurudi. Siku moja bwana afya wa kata yetu, aliyeitwa Pankras, alinikuta njiani nimekaa juu ya jiwe nimevua viatu. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye suruali iliyobanwa mguuni kwa kibanio cha nguo ili isiingie kwenye mnyororo. Akashuka kwenye baiskeli yake akaniangalia miguu. Akasema kwa mwendo ule miguu itastaafu kabla yangu.

Akaniuliza kama najua kuendesha. Nikamwambia kwetu baiskeli ni ya wanaume na ya ndizi. Sikumtania. Nilipokuwa msichana Mbuba, baiskeli nilizozijua zilikuwa zile zilizobebeshwa mikungu mpaka huoni mtu, unaona ndizi zinapanda mlima zenyewe na kusikia mtu anahema nyuma yake.

Alinifundisha Jumapili baada ya misa, kwenye uwanja wa mpira wa shule. Nilikuwa mama mzima mwenye watoto, nimevaa sketi pana, na wanafunzi wamejipanga pembeni kana kwamba ni mechi. Nilianguka mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Anguko moja nililipeleka mpaka nje ya uwanja, nikamaliza juu ya unga wa muhogo wa mama mmoja uliokuwa umeanikwa kwenye mkeka. Nikainuka mweupe unga mtupu, na yule mama hakuniuliza kama nimeumia. Aliuliza nani atausaga upya. Mama mkwe wangu naye akaniambia kwa Kihangaza kwamba mwanamke anayetanua miguu juu ya chuma hazai. Watoto wangu walikuwa wamekaa hapo hapo wanakula, kwa hiyo sikujua chuma kile kingenizuia nini.

Niwaambie kwanza mambo aliyonifundisha Pankras, yatawafaa wale wenu ambao bado hamjapata pikipiki. Kwenye changarawe usiguse breki ya mbele, utaruka juu ya usukani. Mlima ukikushinda shuka ukokote mapema, usingoje mpaka pumzi ikatike, maana ukifika juu hoi utateremka hoi, na kuteremka ndiko kunakoua. Mzigo ufungwe chini na nyuma, kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu kuukuu, siyo kwa kamba, kwa kuwa kamba hulegea ikilowa. Kanga usijifunge kiunoni ukiwa juu ya baiskeli. Mimi kanga yangu ililiwa na mnyororo katikati ya mteremko, nikasimama kwa nguvu ya pindo moja. Beba gundi, viraka na kipande cha msasa kila siku, hata kama jana ulibadilisha tairi. Na kisanduku cha chanjo ukikifunga kwenye keria, weka matambara chini yake, barabara zetu zinatikisa mpaka chupa zinalia.

Kwenye lami, sikiliza. Njia yangu ilikuwa na kipande cha barabara kuu inayopita malori ya kwenda mpakani. Pankras alinifundisha kulijua lori kwa mlio kabla sijaliona: lililobeba linakoroma kwenye kilima, tupu linapiga kelele za mabati. Lililo tupu ndilo la kuogopa, maana dereva anawahi kurudi. Ukilisikia, shuka kwenye nyasi, usishindanie haki yako. Nilifuata, na nikaona uchungu wake. Asubuhi nyingi nilisimama kwenye majani yenye umande, sare nyeupe imelowa mpaka magotini, nikisubiri magari yaliyobeba bidhaa za nchi nyingine yapite, kisha nirudi barabarani niende kuwahi watu wa nchi yangu.

Mvua zilikuwa jambo jingine. Udongo wa bondeni kule ukilowa unashika kama ulimbo. Unajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma, unasimama unachokoa kwa kijiti, unakwenda hatua chache, unachokoa tena. Mwisho unaibeba baiskeli begani, na wewe ndiye unakuwa keria. Sasa mtu akiniambia hayo yalikuwa mazoezi, namwangalia tu.

Nije kwa Levina.

Levina alikuwa mke wa kijana mmoja fundi ujenzi hapo kijijini, jina lake Sylivesta. Ulikuwa uzazi wake wa pili. Wa kwanza alijifungulia nyumbani na mtoto hakuishi, kwa hiyo safari hii alikuja kliniki kila alipoitwa, hakukosa. Alikuwa mcheshi. Alipenda kuketi kwenye baiskeli yangu iliyoegeshwa kivulini wakati anasubiri zamu, tumbo likigusa usukani, akisema mimba ikiisha nimfundishe. Hudhurio la mwisho nilimshika mkono nikamwambia asirudie yale ya mara ya kwanza. Uchungu ukianza tu, aje. Asisubiri ukolee, asisubiri kupambazuke, aje akae pale pale zahanati. Akaniitikia ndiyo, Sista.

Sasa muelewe jambo la funguo. Dawa zetu ziliwahi kuibwa, na tangu hapo ikaamriwa funguo za zahanati akae nazo mganga mfawidhi na mimi, basi. Mlinzi hatukuwa naye. Wiki ile mganga mfawidhi alikuwa kwenye semina. Funguo zote za dawa, za chumba cha kujifungulia na za friji zilikuwa kwenye kamba shingoni mwangu, na mimi nikalala Bisibo.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Niliondoka gizani kama kawaida. Bondeni tope likanishika, nikachokoa, nikabeba, nikavuka kijito maji yakiwa magotini. Nilipopanda upande wa pili niliwaona wanafunzi wanakwenda shule na fagio zao, nikajua niko ndani ya muda. Nataka mlisikie hilo vizuri. Zahanati ilikuwa haijafika saa yake ya kufunguliwa nilipoliona paa lake.

Kisha nikaona watu kwenye kibaraza cha zahanati.

Levina alikuwa amefika tangu alfajiri ile, na mama mkwe wake. Alianza kuumwa, akakumbuka nilichomwambia, akaja. Wakagonga mlango. Mama mkwe akaenda kugonga nyumba ya nyuma, akidhani labda safari hii nesi amehamia, akasikia panya kwenye magunia. Nyumbani kwao kulikuwa mbali kumrudisha, mvua inanyesha, kwa hiyo Levina akazalia pale pale kwenye sakafu ya kibaraza, mlango wa chumba cha kujifungulia uko nyuma ya mgongo wake. Mtoto alitoka salama, wa kike, analia vizuri. Yule mama alikuwa amemfunga kwenye kitenge. Lakini damu ya Levina haikukata.

Niliiacha baiskeli ikaanguka ilikoangukia. Nilifungua, tukamwingiza, nikachoma sindano ya kukaza mfuko wa uzazi, nikamwekea dripu, nikamkanda tumbo kwa mikono miwili kama tulivyofundishwa. Mikono yangu bado ilikuwa na tope la bondeni mpaka kwenye viwiko, nilinawa viganja tu. Sylivesta alikimbilia lami kutafuta gari la kumpeleka mjini. Levina alikuwa bado anazungumza. Alinitambua. Akasema kwa sauti ndogo, kama mwanafunzi anayetaka mwalimu ajue kwamba amefanya kazi aliyopewa:

"Sista, nimewahi kama ulivyosema."

Nikamwambia ndiyo mama, umewahi. Gari lilipofika, pikapu ya mfanyabiashara mmoja, Levina alikuwa amekwisha kuondoka.

Wanangu, sindano ile ilikuwa ndani. Ilikuwa kwenye friji, upande wa pili wa ukuta aliouegemea. Kutoka kwenye ile nyumba ya bati mpaka kwenye kibaraza, mtu akiita unamsikia bila kuinua sauti. Ningelala pale ningetoka na kanga yangu na kandambili, ningefungua mlango, na leo Levina angekuwa mama wa makamo mwenye kulalamikia magoti. Sitaki mniambie mapenzi ya Mungu. Naenda kanisani kila Jumapili na sijawahi kumwambia Mungu kwamba alihusika.

Baada ya mazishi mwenyekiti akaitisha mkutano wa kijiji. Watu walijaa. Akafungua kwa maneno mazuri ya pole, kisha akasoma ajenda, na ajenda ilikuwa moja: uchelewaji wa nesi. Akaeleza kwamba kijiji kimempoteza binti kwa sababu mtumishi hakuwepo kituoni mgonjwa alipomhitaji. Aliyasema kwa huzuni, na nadhani huzuni yenyewe ilikuwa ya kweli.

Sylivesta aliruhusiwa kuuliza. Alikuwa amekonda kwa siku zile chache, shati linamning'inia. Hakunitukana. Aliniuliza tu kwa nini sikuwepo.

Nikasema, "Sikuchelewa, nilikuwa njiani."

Wakaguna. Kwa masikio yao hilo lilikuwa jibu la mtu mvivu, na hata mimi nililisikia lilivyotoka vibaya. Nilikuwa nimepanga kueleza mengi lakini mguno haukunipa nafasi. Ndipo Pankras akainuka kutoka nyuma. Hakuomba ruhusa.

"Muulizeni alikuwa njiani akitoka wapi," akasema. "Halafu tuulizane wote hapa, nyumba ya nesi analala nani?"

Kukawa kimya. Mnajua kimya cha watu wengi, unasikia mtoto ananyonya. Niliwatazama wanawake. Wengi wao nilikuwa nimewazalisha. Walikuwa ni wao waliobeba mchanga wa nyumba ile kutoka bondeni, wengine wakiwa na watoto mgongoni, na kila mmoja alijua kilichomo ndani. Nilimtafuta hata mmoja aniangalie. Wote walikuwa wanaangalia chini, wanachorachora ardhi kwa vidole. Baadaye nilielezwa sababu, na naifahamu: mwenyekiti ndiye aliyewakopesha chakula mwaka wa njaa, na mwaka mwingine wa njaa haukuwa mbali. Naifahamu sababu hiyo, lakini mpaka leo haijanipunguzia kitu.

Mwenyekiti hakukasirika. Akasema kwa upole kwamba hoja ya bwana afya ni nzuri ila haipo kwenye ajenda, itaingia kwenye mengineyo. Halafu wakarudi kwangu. Wakaamua niandikiwe onyo, na nionywe pia kwa mdomo mbele ya watu, na nikaonywa. Wingu likatanda, mtu akasema mvua hiyo, mkutano ukafungwa. Hatukufika kwenye mengineyo.

Haikupita muda mrefu Pankras akapata uhamisho wa kwenda kata ya mbali, upande wa Ngara. Hakuna aliyesema ni kwa sababu ya maneno yale, kwa hiyo na mimi sisemi. Alikuja kuniaga zahanati akiwa ameshafunga godoro kwenye keria. Alinikabidhi pampu yake ya upepo kwa sababu yangu ilikuwa imekufa, akanikumbusha kupaka mnyororo mafuta kabla ya masika. Nilitaka anipe maneno makubwa na yeye akanipa hayo. Kisha akasema nisiache kazi kwa ajili ya yule bwana, maana nikiacha wataletwa wasichana wapya na mahindi yatabaki.

Sikuacha. Kwa miaka nilikuwa nikiitwa nesi wa kuchelewa. Hawakuniita hivyo usoni, lakini mtoto mdogo alinikimbilia siku moja akaniambia, shikamoo nesi wa kuchelewa, akidhani ndilo jina langu. Nikamwitikia marahaba. Mama yake alitaka ardhi ifunguke. Nikaendelea kutoka nyumbani gizani. Nilianza kutoka mapema zaidi, kana kwamba kuna saa ningeweza kuondoka ambayo ingenifikisha siku ile. Nilikuwa nikifika nakaa kwenye kibaraza kile peke yangu nikisubiri kukuche, funguo mkononi, mlango wazi, na hakuna mgonjwa.

Nyumba niliendelea kuiomba. Niliiomba kwa mdomo, kwa maandishi, kwa wageni waliokuja kukagua choo. Kila mgeni alisikitika sana, akapanda gari lake. Mahindi yaliondoka mwishowe, mwenyekiti alipofungua duka la vifaa vya ujenzi, na nyumba ikawekwa saruji. Wakati mmoja nilikutana na Pankras kwenye msiba kule Mbuba, amezeeka, anatembea kwa fimbo, baiskeli amempa mjukuu. Tulipomaliza kupeana pole akaniuliza kama wameshatoa mahindi. Nikamwambia sasa ni saruji. Tulicheka mpaka waombolezaji wakatugeukia, na tulipotulia nikaona macho yake yamejaa maji, na yangu pia.

Kisha zikaja bodaboda. Wenzenu waliotangulia kuajiriwa wakawa wanakuja nazo kutoka mjini, wanashuka wamefunika nywele kwa mtandio, wananionea huruma nikikokota baiskeli yangu kupanda kilima. Mmoja aliniambia, mama, siku hizi mambo yamekuwa rahisi. Nilikuwa naangalia zahanati ikifungwa jioni, na wote tunaondoka, yeye kwa mlio wa injini na mimi kwa mlio wa mnyororo, na nyuma yetu nyumba ya bati iko gizani, na bondeni kuna wanawake wajawazito. Safari ni ile ile. Imeongezwa kelele.

Mnanisikia nina uchungu. Ninao. Kuna watu walioniambia muda utauondoa, na muda umekuja umepita na umeuacha pale pale. Nina mazuri pia niliyoyaona kwenye njia ile: ukungu ukiwa umelala mabondeni, wauza ndizi wakinitania kwamba mzigo wangu mwepesi, mama mmoja aliyekuwa akiniwekea kikombe cha uji kwenye jiwe la kona bila kuniambia neno, mpaka alipofariki. Lakini hayo hamkuniuliza.

La mwisho ni hili. Miaka michache kabla sijastaafu, mwenyekiti aliugua sukari. Uenyekiti alikuwa ameshauacha, duka limekwisha, saruji iliyobaki mle nyumbani ilikuwa imeganda ndani ya mifuko, na paa la ile nyumba lilianza kubomoka hata popo wakahama. Akapata kidonda mguuni, kibaya, kinachohitaji kusafishwa kila siku. Hakuweza kutembea mpaka zahanati. Binti yake akaja kuniomba, amepiga goti kama tulivyolelewa, na mimi nikakubali. Kila asubuhi kabla ya kufika kazini nilikuwa nakunja njia ya kwenda kwake, nafungua kifurushi cha bandeji kwenye kibaraza chake, nachemsha maji, naosha mguu wa yule mzee.

Alikuwa mgonjwa mwenye adabu. Hakulalamika nilipomuumiza. Alinishukuru kila mara, akanipa habari za wajukuu. Nikawa nasubiri. Nilijiambia mtu akikuwekea mguu wake mapajani kila siku lazima siku moja atasema. Sikuhitaji aombe msamaha, nilihitaji tu alitaje. Nilikuwa nimelibeba jambo lile miaka yote nikiamini tumelibeba wawili, kila mtu upande wake.

Asubuhi moja mvua ilinikamata bondeni nikafika nimelowa. Kidonda kilikuwa kimemsumbua usiku. Nilipokuwa nafungua bandeji akaniambia, kwa huruma kabisa, akiangalia sare yangu inayochuruzika:

"Sista, unateseka bure. Ungekuwa unakaa hapa karibu, hata mimi nisingengoja na maumivu mpaka kukuche."

Nikainua uso nikamtazama. Nilitafuta aibu, nilitafuta hata kejeli, ningefurahi kuipata kejeli. Hakikuwepo kitu. Mzee alikuwa ananionea huruma tu.

Nikamwambia, "Levina naye alingoja mpaka kukuche."

Akafikiri kidogo. Akakunja paji la uso, kama mtu anayetaka kunisaidia.

"Levina yupi?"

Nikamaliza kufunga kidonda. Nikamwelekeza binti yake amwinulie mguu juu ya mto na asimruhusu kuukanyagia chini. Nikanawa mikono, nikapanda baiskeli, nikaenda kazini. Kesho yake asubuhi nilirudi kwake, maana kidonda kile kilitaka kusafishwa kila siku.